Sokwemtu hawana kundi B, gorila hawana A: sisi tuliyapata wapi yote mawili?

#1 Kipepeo wa Upanga
Salaam wanajukwaa. Nimekuwa nikisoma kuhusu makundi ya damu ya jamii ya masokwe, na kuna jambo ambalo sijaona likielezwa vya kutosha kwa Kiswahili, hivyo naliweka hapa tulijadili. Sokwemtu, ambao pamoja na bonobo ndio jamaa zetu wa karibu zaidi, wengi wao ni kundi A na wachache ni O, lakini kundi B halijaonekana kwao. Bonobo ni A. Gorila wa nyanda za chini waliopimwa ni B. Ukienda Asia, orangutani wa Borneo na Sumatra pamoja na giboni wana A, B na AB. Binadamu anayo yote manne.

Dai langu ni kwamba A na B ni vya kale kuliko binadamu mwenyewe. Babu wa pamoja wa viumbe hawa alikuwa navyo vyote viwili, kisha ukoo wa sokwemtu ukapoteza B, ukoo wa gorila ukapoteza A, na sisi tukabaki na urithi mzima. Mwenye hoja ya kupinga aje nayo.

#2 Babu Kariakoo
Kijana, mimi ni kundi A tangu nilipopimwa mara ya kwanza. Je, sokwe wa Gombe anaweza kunichangia damu? Kama hawezi, basi A yake si A yangu na hoja yako haina miguu.

#3 Maabara Usiku
Mzee Kariakoo, hawezi, lakini hilo haliiangushi hoja ya mleta uzi. Kundi la ABO ni alama moja tu kati ya alama nyingi zilizo juu ya chembe nyekundu. Sokwemtu ana mifumo mingine ya makundi ambayo sisi hatuna kwa namna ile ile, na watafiti waliokuwa New York waliipa majina yake, kama mfumo wa V-A-B-D unaolingana na MNS wa binadamu na mfumo wa R-C-E-F unaolingana na Rhesus, ule wa chanya na hasi. Isitoshe, chembe za sokwemtu zina aina ya sukari iitwayo asidi ya sialiki ambayo mwili wa binadamu uliacha kuitengeneza zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita, na wengi wetu tuna kingamwili dhidi yake. Kwa hiyo A yake inaweza kuwa sawa na yako kabisa, na bado damu yake ikakudhuru kwa sababu nyingine.

Kwa faida ya wasioingia maabara, nieleze upimaji unavyokwenda. Tunaweka matone matatu ya damu juu ya kigae cheupe. Tone la kwanza tunalitilia dawa ya anti-A (kingamwili dhidi ya A) yenye rangi ya buluu, la pili anti-B ya njano, la tatu anti-D ya kupimia Rhesus, isiyo na rangi. Tunachanganya kwa kijiti, tunakitikisa kigae taratibu na kuangalia. Palipo na antijeni husika, yaani ile alama ya juu ya chembe, chembe hushikana na kufanya vidongevidonge vinavyoonekana kwa macho. Pasipo nayo tone hubaki laini. Ukimpima gorila kwa njia hii utapotoka, kwa sababu chembe zake nyekundu huitikia kwa udhaifu mno. Kundi lake lilijulikana kwa uhakika kupitia mate na maji ya damu.

#4 Binti Mbagala
Mate? Kundi la damu linajulikanaje kwa mate?

#5 Maabara Usiku
Ndiyo, dada. Mate huchemshwa ili vimeng'enya vyake vife, kisha huchanganywa na anti-B. Baada ya muda unaongeza chembe nyekundu za binadamu wa kundi B. Kama mate yalikuwa na antijeni B, ile anti-B itakuwa imekwisha kushikwa humo, na chembe ulizoongeza hazitashikana. Kama hayakuwa nayo, zitashikana mara moja. Jibu linasomwa kinyume na lile la kwenye kigae: ukimya ndio ushahidi. Hata kwa binadamu njia hii inafanya kazi, ingawa wapo watu ambao kwa urithi hawatoi antijeni hizo katika mate.

#6 Mwalimu wa Temeke
Nampongeza mleta uzi kwa swali zuri, lakini simwungi mkono. Nimefundisha bayolojia kwa muda mrefu na naona maelezo mepesi zaidi yanapuuzwa.

Mwaka 1990 kikundi cha Fumiichiro Yamamoto kilichapisha tofauti za jeni ya ABO, ambayo kwa binadamu iko kwenye kromosomu ya 9. Jeni hiyo hutengeneza kimeng'enya, yaani protini ya kuchochea kazi za kemikali mwilini, chenye asidi amino 354, ambazo ndizo matofali ya protini. Kimeng'enya cha A hubandika sukari iitwayo N-asetili-galaktosamini kwenye msingi uitwao H. Kile cha B hubandika galaktosi pahali hapo hapo. Tofauti kati ya vimeng'enya viwili hivi ni asidi amino nne tu, namba 176, 235, 266 na 268, na kwa kweli mbili za mwisho ndizo zenye uamuzi. Kwenye A nafasi ya 266 ina lusini na 268 ina glisini. Kwenye B kuna methionini na alanini.

Basi nauliza: kama umbali kati ya A na B ni mdogo kiasi hicho, kuna ugumu gani kwa B kuzaliwa upya mara kadhaa katika koo tofauti? Gorila wanaweza kuwa wamepata B yao wenyewe, binadamu yetu, na orangutani yao. Watafiti kadhaa wa miaka ya 1990 waliitetea njia hii. Haihitaji kudai kwamba aina mbili za jeni zimeishi bega kwa bega kwa mamilioni ya miaka bila mojawapo kuifuta nyingine, jambo ambalo ni nadra mno katika urithi.

#7 Msomi wa Changanyikeni
Mwalimu, hoja yako ilikuwa na nguvu zaidi kabla ya mwaka 2012. Mwaka huo Laure Ségurel na wenzake walilinganisha jeni ya ABO ya nyani na masokwe wengi, na hawakuishia kwenye zile nafasi mbili. Waliangalia pia herufi za DNA za jirani ambazo hazina kazi katika kuamua sukari. Kama B ya binadamu ingezaliwa upya kutokana na A ya binadamu, herufi za jirani yake zingefanana na za A ya binadamu. Walichokiona ni kwamba katika kipande kifupi kinachozizunguka nafasi hizo, binadamu na giboni wana mfanano unaofuata kundi la damu badala ya kufuata ukoo. Hitimisho lao lilikuwa kwamba A na B vimedumu pamoja kwa angalau miaka milioni 20.

Kipande hicho ni kifupi kwa sababu katika kila kizazi kromosomu hubadilishana vipande, na mabadilishano ya mamilioni ya miaka hufuta ushahidi wa pembeni. Kinachobaki ni kile kilichong'ang'ania karibu kabisa na nafasi ya 266 na 268.

#8 Mwalimu wa Temeke
Nimekusoma, Msomi. Lakini ufupi huo huo ndio unaonitia shaka. Ushahidi ukibaki katika herufi chache, mabadiliko ya kujirudia machache yanatosha kuuigiza. Na kwa sokwemtu tunayo mifano ya kujirudia isiyopingika: kundi O lao halikutokana na chanzo kimoja na la kwetu. O iliyo ya kawaida kwa binadamu ilitokea kwa kufutwa kwa herufi moja, ya 261, na usomaji wote unaofuata ukavurugika, mfano wa mtu anayefuta herufi moja katika sentensi iliyoandikwa bila nafasi kati ya maneno. O ya sokwemtu ina hitilafu yake tofauti. Ikiwa O imezaliwa zaidi ya mara moja, kwa nini B isizaliwe?

#9 Msomi wa Changanyikeni
Kwa sababu kuharibu si sawa na kutengeneza, Mwalimu wangu. Njia za kukiua kimeng'enya ni nyingi, na yoyote kati yake inakupa O. Njia ya kukifanya kibandike galaktosi badala ya sukari ile nyingine ni nyembamba, na kila mara tunaikuta kwenye asidi amino zile zile. Hata hivyo nakubali kwamba O yetu ina historia yake: mwaka 2008 ilisomwa katika mifupa ya Waneanderthali, jamii ya binadamu wa kale waliotoweka, wa pango la El Sidrón nchini Hispania, kwa hiyo nayo si ya jana.

#10 Shangazi Kijitonyama
Hamjambo wanangu. Ninyi mmekazania A na B, mimi nina langu la Rhesus. Mimi ni O hasi. Nilipokuwa mjamzito wa mtoto wangu wa pili, muuguzi wa kliniki moja aliandika "hasi" kwenye kadi yangu na kuendelea na foleni bila kunieleza maana yake, mpaka daktari mwingine alipoiona na kushtuka. Sasa mtandaoni wapo watu wanaoeneza kwamba sisi wenye Rhesus hasi hatuna asili moja na masokwe, eti kwa sababu Rhesus imetoka kwa tumbili na sisi hatuna. Mwanangu mkubwa ameniuliza nikakosa jibu la kitaalamu. Nisaidieni.

#11 Maabara Usiku
Pole sana, Shangazi. Ile "hasi" kwenye kadi ilipaswa kufuatiwa na maelezo pale pale, kwa sababu mama asiye na antijeni D, ile ya Rhesus, akibeba mtoto mwenye D anaweza kutengeneza kingamwili zitakazomshambulia mtoto wa mimba inayofuata. Sindano ya anti-D hutolewa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua, na mahali penye uwezo hutolewa pia karibu na wiki ya 28 ya ujauzito. Wanaosoma hapa na wana wake au mabinti wajawazito, tafadhali waangalie kadi leo hii.

Kuhusu asili, jibu ni fupi. Binadamu wengi wana jeni mbili zilizokaa jirani kwenye kromosomu ya 1, RHD na RHCE. Jeni hizo zilitokana na jeni moja iliyojinakili katika babu wa pamoja wa binadamu, sokwemtu na gorila. Orangutani hana nakala hiyo ya pili. Mtu wa Rhesus hasi ni yule ambaye jeni ya RHD, ile ya antijeni D, imepotea au imeharibika. Wewe si wa ukoo mwingine, Shangazi; una kipande kimoja pungufu cha urithi ule ule.

#12 Msomi wa Changanyikeni
Niongezee hapo. Kwa Wazungu wengi wenye Rhesus hasi jeni ya RHD imeondoka yote. Kwa Waafrika wengi wenye hali hiyo jeni ipo, lakini imeingiliwa na kipande cha herufi 37 kilichojirudia na kuifanya isitoe protini inayotakiwa. Yaani hata sisi kwa sisi "hasi" imezaliwa kwa njia tofauti.

Na huo uhusiano na tumbili una historia yake. Mwaka 1940 Karl Landsteiner na Alexander Wiener waliwadunga sungura na simbilisi damu ya tumbili wa Asia aitwaye rhesus, wakapata kingamwili zilizoshika damu ya binadamu wengi. Baadaye ikabainika kwamba zile kingamwili za wanyama zilikuwa zinashika protini nyingine, ambayo leo inaitwa LW kwa heshima yao na jeni yake iko kwenye kromosomu ya 19. Hoja ya mtandaoni imejengwa juu ya protini ambayo hata siyo D.

#13 Shangazi Kijitonyama
Ahsanteni. Nimemsomea mwanangu, amenyamaza.

#14 Mgeni wa Kigoma
Nimeishi Kigoma kabla ya kuhamia Tabata, na nimepanda milima ya Gombe mara nyingi. Huko hakuna anayemkamata sokwe ili kumtoa damu, na ni haki yao. Watafiti husubiri asubuhi chini ya mti wenye viota, sokwe akishuka na kujisaidia wanaokota kinyesi kwa kijiti, wanakitia kwenye kichupa chenye kimiminika cha kukihifadhi na kuandika jina la sokwe na saa. Kutoka humo hupatikana jeni za sokwe mwenyewe, na ndivyo wanavyojua nani ni baba wa nani. Kwa hiyo jeni ya ABO nayo inaweza kusomwa bila kumgusa mnyama.

Lakini ninavyojua, wengi wa waliopimwa damu zamani walikuwa wa kwenye maabara na bustani za wanyama. Je, tuna uhakika kwamba sokwe wote wa Afrika, kuanzia Senegali mpaka Mahale, hawana B? Tena hata nyani wa Mikumi nimesikia wana makundi haya.

#15 Babu Kariakoo
Nyani naye ameingia kwenye ukoo?

#16 Kipepeo wa Upanga
Mzee, nyani si sokwe, maana ana mkia na ukoo wake uliachana na wetu zamani zaidi, lakini Mgeni amesema kweli. Nyani wana A, B na AB, na O ni adimu sana kwao. Jambo hili liligusa maisha ya mtoto. Mwaka 1984 huko Loma Linda, California, mtoto mchanga aliyejulikana kwa umma kama Baby Fae alipandikizwa moyo wa nyani. Mtoto alikuwa O, nyani alikuwa AB, na mtoto hakumaliza mwezi mmoja baada ya upasuaji. Miaka ishirini hivi kabla yake, Keith Reemtsma wa New Orleans aliwapandikiza wagonjwa figo za sokwemtu, na mmoja wao, mwalimu wa kike mwenye umri wa miaka 23, aliishi takriban miezi tisa. Sisemi kundi la damu pekee ndilo lililoleta tofauti hiyo, maana mambo yalikuwa mengi, ila linaonyesha kwamba tunachojadili si cha vitabuni tu.

#17 Maabara Usiku
Na nyani huyo ana jambo zito zaidi kwa uzi huu. Antijeni zake za A na B hazipo kwenye chembe nyekundu. Ziko kwenye mate, kwenye utando wa tumbo na tishu nyingine. Ndivyo ilivyo pia kwa tumbili wa rhesus. Antijeni hizi kuonekana wazi juu ya chembe nyekundu ni sifa ya masokwe na binadamu, na hata gorila, kama nilivyosema, anazo kwa udhaifu.

Ninaloliona hapo ni kwamba tunayaita makundi ya damu kwa sababu Landsteiner aliyakuta kwenye damu huko Vienna mwaka 1900, ilhali makao yake ya kale ni tumboni na mdomoni. Anayetafuta sababu ya A na B kudumu kwa miaka milioni 20 aanze kutafuta huko.

#18 Mchangiaji O
Wakuu, mbona hamuitaji malaria? Mimi huchangia damu kila ninaporuhusiwa, na nimesoma kwamba sisi wa O tuna nafuu dhidi ya malaria kali. Utafiti uliofanywa Mali na kuchapishwa 2007 ulionyesha hivyo: chembe zenye kimelea hushikana na chembe nzima kuzunguka, na mashada hayo ni dhaifu zaidi kwenye damu ya O. Hapa kwetu Pwani malaria imekuwapo miaka yote. Sababu ndiyo hiyo, hakuna haja ya kwenda tumboni.

#19 Mwalimu wa Temeke
Malaria inaeleza O vizuri, ndugu, lakini haielezi A na B. Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria kali ya binadamu, ilitoka kwa gorila wa magharibi, kama ilivyoonyeshwa mwaka 2010 kwa vimelea vilivyopatikana katika vinyesi vya masokwe. Kuhama huko ni kwa karibuni sana ukilinganisha na miaka milioni 20. Na kama O inalinda hivyo, mbona haijawa ya watu wote katika nchi zenye malaria?

#20 Mchangiaji O
Kwa sababu kila kinga ina gharama yake. Wenye O hupata kipindupindu kikali zaidi wakiambukizwa, na jiji letu hili linaufahamu ugonjwa huo. Malaria inavuta huku, kipindupindu kinavuta kule. Na masokwe nao wana vimelea vya jamii ya falciparum tangu kale, kwa hiyo usiniambie ni jambo la karibuni.

#21 Msomi wa Changanyikeni
Mchangiaji ana hoja, na kuna kisa cha jirani kinachoitia nguvu. Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara hawana antijeni ya Duffy, alama nyingine ya damu, juu ya chembe nyekundu, kwa sababu ya badiliko la herufi moja katika sehemu inayowasha jeni hiyo, na kwa hiyo Plasmodium vivax, kimelea kingine cha malaria, hupata shida kubwa kuwaingia. Sokwemtu na gorila hawana kinga hiyo, na mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba wamebeba vimelea vya ukoo wa vivax. Malaria imeichonga damu yetu kwa kisu chake. Lakini angalieni tofauti: kwa Duffy imetufikisha karibu wote upande mmoja, wakati ABO imebaki mchanganyiko. Nguvu inayohifadhi mchanganyiko ni ya namna nyingine.

#22 Maabara Usiku
Nguvu hiyo naiona hivi. Mtu wa kundi A ana anti-B bila kuwahi kuongezewa damu, kwa sababu bakteria wa tumboni wana sukari zinazofanana na B. Mwaka 1959 Georg Springer na wenzake walilea vifaranga katika mazingira yasiyo na vijidudu, na anti-B haikutokea kama ilivyotokea kwa vifaranga wa kawaida. Sasa virusi vyenye utando hutoka kwa mgonjwa vikiwa vimebeba sukari za mgonjwa huyo, na katika maabara virusi vya surua vilivyokuzwa kwenye seli zenye A au B vimedhoofishwa na kingamwili za kundi tofauti. Basi jamii ambayo wote ni wa kundi moja inapokezana ugonjwa bila kizuizi. Jamii iliyochanganyika ina vizuizi kila kona. Aliye wa kundi adimu ana nafuu mpaka kundi lake linapokuwa la wengi.

#23 Mwalimu wa Temeke
Maelezo mazuri, lakini yanagongana na masokwe wenyewe. Kama mchanganyiko una faida kubwa kiasi hicho, gorila waliopimwa wanaishije na B peke yake, na bonobo na A peke yake?

#24 Kipepeo wa Upanga
Mwalimu, makundi madogo ya wanyama hupoteza aina za jeni kwa bahati, hata zenye faida. Bonobo na sokwemtu waliachana baada ya ukoo wao kuachana na wetu, na wote wawili hawana B. Yawezekana B ilipotea mara moja tu kwa babu yao, wakati idadi ilipopungua. Wanaoishi katika makundi madogo yaliyotawanyika msituni hawapokezani magonjwa kama sisi tunavyobanana kwenye mwendokasi.

#25 Mwalimu wa Temeke
Bahati inaweza kueleza chochote, na ndiyo maana siipendi kama jibu. Ukoo mmoja upoteze B, mwingine upoteze A, na vyote viitwe bahati? Yawezekana pia kulikuwa na ugonjwa ulioingia kupitia sukari ya B kwa sokwemtu na kupitia A kwa gorila, ukafyeka. Swali la Mgeni wa Kigoma kwenye #14 bado halijajibiwa, na ndilo linaloweza kutupambanua. Akipatikana sokwemtu mmoja mwenye B katika msitu wowote, herufi za jirani ya jeni yake zitatuambia kama ni B ya kale au amejizalia.

#26 Mgeni wa Kigoma
Basi tuanze na Rubondo pia, kisiwa cha Ziwa Victoria. Sokwe wa kisiwa kile waliletwa kutoka Ulaya kati ya 1966 na 1969, nao wengi inasemekana asili yao ni Afrika Magharibi, si Kigoma. Tanzania ina sokwe wa pande zote mbili za bara, na kinyesi kinaokoteka.